Taya Lisilolala: Kabla ya Kuchagua Jino la Bandia, Ujue Usiku Wako



Mama yangu mdogo ni mwanamke asiyependa kuwasumbua watu. Alipong'olewa gego la chini miaka kadhaa iliyopita, alikaa na pengo lake kimya kimya, akitafuna upande mmoja, mpaka alipoamua kuuza bangili zake mbili za dhahabu ili apandikizwe jino. Daktari aliifanya kazi yake, kidonda kikapona, na jino jipya likakaa mahali pake, zuri kiasi kwamba sisi watoto wake tulimtania kuwa amerudi kuwa mwari. Haukupita mwaka, kofia ya jino lile ikabanduka kipande. Ikatengenezwa nyingine. Nayo, baada ya miezi michache, ikaanza kuchezacheza kama msumari uliolegea ukutani.

Kila mmoja wetu alikuwa na wa kumlaumu. Kuna waliosema daktari ametumia vifaa hafifu, na kuna waliosema ni jicho la watu. Aliyeleta jawabu ni mjukuu wake wa miaka 9, aliyekuwa akilala naye chumba kimoja wakati wa likizo. "Bibi," alisema asubuhi moja tukinywa chai, "mbona usiku wasaga meno? Mimi huamka nikidhani panya anatafuna kabati." Tulicheka sana. Mama mdogo hakucheka. Alishika shavu lake, akasema kwa sauti ya chini kwamba kwa miaka mingi huamka taya limemkaza, na kichwa kinamuuma pande zote mbili juu ya masikio. Hakuwahi kumwambia daktari, kwa kuwa daktari hakumuuliza, naye hakujua kuwa ni jambo la kusemwa.

Kuna mama wengi katika miji yetu wanaojiandaa kutumia fedha za chama, au za mtoto aliye ughaibuni, kwa ajili ya jino la bandia. Swali wanaloulizana ni moja: kifaa kipi ndicho chenye nguvu? Ni swali zuri, ila linatangulizwa na lingine: kifaa hicho kinakwenda kupambana na nini mwenyewe akiwa amelala?

Linalofanyika mtu akiwa usingizini

Kusaga meno usingizini ni kazi ya misuli ya taya inayoamrishwa na ubongo. Mara nyingi hutokea katika zile nyakati fupi ambapo usingizi hulegea na moyo kuanza kwenda mbio kidogo, pasipo mwenyewe kuamka. Wako wanaosaga kwa sauti hata wa chumba cha pili akasikia, na wako wanaoyabana meno tu, ya juu na ya chini, bila mlio wowote. Hawa wa pili ndio wagumu kutambulika. Hata mchana wako wanaoyabana meno wakiwa na mawazo, wakiendesha gari, wakishona, au wakingojea simu isiyopigwa.

Tafiti hukadiria kwamba katika kila watu wazima 100, kiasi cha 8 hadi 13 husaga meno usingizini. Watoto ni wengi zaidi, na aghalabu huacha wenyewe wanapokua. Zamani madaktari waliamini kuwa chanzo ni meno yasiyolingana, wakawa wanayachonga ili yakutane sawasawa. Rai hiyo leo imeachwa kwa sehemu kubwa. Yanayotajwa sasa ni mfadhaiko wa moyo, kahawa nyingi, sigara, baadhi ya dawa za kutibu huzuni, kukoroma kunakoambatana na kukatika pumzi, asidi ya tumbo inayopanda kooni, na urithi wa kifamilia.

Tunapokula, meno hukutana kwa muda mfupi mfupi. Ukijumlisha milo yote ya siku, wataalamu hukadiria kuwa meno hugusana kwa dakika 20 hivi tu, na tonge la wali huwa katikati yake. Usiku hakuna tonge. Jino hukutana na jino, na nguvu ya kusaga huenda upande kwa upande, ilhali jino limeumbwa kubeba mzigo utokao juu kwenda chini. Mwaka 2001 watafiti wa Kijapani walichapisha vipimo vya watu 10 waliolala na kifaa cha kupimia kinywani. Kwa wastani, kila tukio la kusaga lilikuwa na nguvu sawa na uzito wa kilo 22.5, nalo lilidumu kwa sekunde 7 hivi. La juu kabisa lilifika kilo 81. Chukua mfuko wa mchele wa kilo 50, uweke juu yake mwingine wa kilo 25, na bado hujaufikia uzito huo. Katika watu hao alikuwemo aliyeuma usingizini kwa nguvu kushinda alivyoweza kuuma akiwa macho, alipoambiwa aume kwa uwezo wake wote.

Tena jambo hili hujirudia usiku baada ya usiku. Wanaokumbuka visima vya zamani vya Mji wa Kale wanajua jinsi kamba ilivyochimba mifereji kwenye ukingo wa jiwe. Kamba ni laini kuliko jiwe. Kilichochimba ni kule kwenda na kurudi kwa miaka. Wahandisi huiita hali hii uchovu wa kifaa: kitu kinachoweza kuustahimili mzigo mkubwa mara moja huvunjika kwa mzigo mdogo uliorudiwa mara elfu nyingi.

Jino lina mto wake, pandikizi halina

Jino la asili halikugandishwa kwenye mfupa. Limeshikiliwa ndani ya tundu lake na nyuzi nyembamba mno, zilizojaa katika nafasi yenye upana wa kiasi cha sehemu 2 za kumi za milimita. Nyuzi hizo zina kazi mbili. Ya kwanza ni mto: jino likibanwa hushuka kidogo, na mshindo hupungua kabla ya kufika mfupani. Ya pili ni ulinzi, kwa kuwa ndani yake mna mishipa ya fahamu inayotambua hata chembe ya mchanga kwenye mboga na kuupelekea ubongo habari. Ndiyo maana ukiuma kijiwe ndani ya wali, taya huachia kabla hujafikiri. Subhanallah, ni hekima iliyofichwa mahali pasipoonekana.

Pandikizi lina historia nyingine. Katika miaka ya 1950, mwanasayansi wa Uswidi aitwaye Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza mzunguko wa damu ndani ya mifupa ya sungura, akitumia vifaa vidogo vya madini ya titani. Alipotaka kuvitoa, vilikataa kutoka: mfupa ulikuwa umeota na kushikamana navyo. Mwaka 1965 alimtia mapandikizi ya titani mgonjwa wake wa kwanza, Gösta Larsson, na mtu huyo akaishi nayo kwa takriban miaka 40. Tangu hapo matibabu haya yameenea duniani kote, na tafiti nyingi zinaonyesha kuwa zaidi ya mapandikizi 9 kati ya 10 huwa yangali mahali pake baada ya miaka 10.

Kushikamana huko ndiko kunakolipa pandikizi uimara wake, na ndiko kunakoliondolea mto. Jino la asili likibanwa huweza kushuka kiasi cha mikromita 25 hadi 100. Pandikizi hushuka 3 hadi 5 tu. Hisi zake nazo ni butu, kwa kuwa nyuzi zile za ulinzi hazipo. Kwa hiyo pandikizi likikutana na jino la juu usiku wa manane, halishuki, wala halipeleki habari upesi kwamba mzigo umezidi.

Mzigo huo huenda wapi? Hapa inafaa tulifahamu jino la kupandikiza lilivyo. Chini kabisa, ndani ya mfupa, mna pandikizi lenyewe, mfano wa parafujo ya titani. Juu yake husimama kiungo, yaani kipande kifupi kinachotokeza kwenye ufizi. Kiungo hukazwa kwa parafujo ndogo ya ndani. Juu ya vyote ndipo hukaa kofia ya jino, ile sehemu nyeupe tunayoiona. Kwa msagaji wa meno, tafiti zinaonyesha wazi kwamba ajali za vifaa hivi huwa nyingi zaidi: kofia kubanduka kipande, parafujo ndogo kulegea au kukatika, na mara chache pandikizi lenyewe kupasuka. Baadhi ya tafiti zimekuta pia kwamba mapandikizi ya watu hawa hupotea zaidi, ingawa sigara, kisukari kisichodhibitiwa na uchafu unaoachwa kwenye ufizi huwa na sehemu yao katika hasara hiyo.

Kofia inayovaliwa juu ya jino la asili lililochongwa ina nafuu kidogo, kwa kuwa mzizi na nyuzi zake bado vipo. Hata hivyo nayo hupasuka na kulika kwa sababu zile zile.

Kipi chenye nguvu?

Ustahimilivu wa vifaa hivi hupimwa kwa kizio kiitwacho megapaskali. Kadiri nambari inavyopanda, ndivyo kipande kinavyoweza kupindwa kwa nguvu zaidi kabla hakijavunjika. Kauri ya kawaida, ile inayong'aa vizuri na kufanana na jino, ina kiasi cha 60 hadi 110. Kauri ya kioo iliyotiwa fuwele za lithiamu disilikati hufika 400 hivi. Zirkonia, ambayo pia hutengenezewa visu vya jikoni vyeupe, ina kati ya 900 na 1,200. Zirkonia ya aina mpya, iliyofanywa ipitishe mwanga ili ipendeze zaidi, hushuka hadi kiasi cha 500 hadi 800.

Zirkonia ina ajabu yake, iliyoelezwa na wanasayansi mwaka 1975. Ufa unapoanza, chembe zilizo kwenye ncha ya ufa hubadilika umbo na kutanuka, zikaubana ufa usiendelee mbele. Ndiyo sababu madaktari wengi huichagua kwa magego ya watu wenye taya zito. Pamoja na hayo, kuna mambo matatu ambayo mnunuzi hana budi kuyafahamu.

La kwanza ni ngozi ya juu. Baadhi ya kofia huwa na zirkonia ndani na kauri ya kawaida nje, ili rangi ipendeze. Nyumba zetu za mawe ya matumbawe hutufundisha jambo hili: ukuta husimama miaka 100, lipu ikawa inaanguka kila baada ya masika. Kubanduka kwa kauri ya nje ndiyo ajali inayojulikana zaidi kwa kofia za namna hiyo. Kwa gego la msagaji, kofia iliyochongwa yote kwa zirkonia moja, bila ngozi, hudumu zaidi, hata kama uzuri wake unapungua kidogo.

La pili ni jino la upande wa pili. Watu huogopa kwamba kitu kigumu kitalila jino la asili kinalokutana nalo. Vipimo vimeonyesha kuwa ugumu peke yake hauamui jambo hili; kinachoamua zaidi ni ulaini wa uso. Zirkonia iliyong'arishwa vizuri hulila jino la asili kwa uchache kuliko kauri ya kawaida. Lakini daktari akiichonga kidogo kinywani ili ikae sawa, kisha akaiacha bila kuing'arisha upya, uso wake huwa kama msasa. Ni haki yako kumuuliza: "Daktari, umeing'arisha baada ya kuichonga?"

La tatu ndilo zito kuliko yote. Kofia yenye nguvu haiondoi nguvu ya taya. Mzigo ambao kofia haikuvunjika kwao huendelea chini, kwenye parafujo ndogo, kwenye kiungo na kwenye mfupa. Mama mdogo alipobadilishiwa kofia ya kwanza akapewa iliyo imara zaidi, kofia haikupasuka tena. Kilicholegea ni parafujo. Tulikuwa tumeuhamisha ugonjwa kutoka ghorofani hadi chini.

Dhahabu na hukumu yake

Kabla ya kauri za leo, wataalamu wengi waliitegemea dhahabu iliyochanganywa na madini mengine. Haivunjiki kama kauri, hulika kwa kasi inayokaribiana na ya jino la asili, na hulihurumia jino linalokutana nalo. Mpaka sasa ni kifaa kizuri kwa gego la msagaji, isipokuwa rangi yake na bei yake.

Kwa mwanamke, dhahabu haina tatizo. Kwa mwanamume, ambaye amekatazwa kujipamba kwayo, tunayo hadithi iliyopokewa katika Sunan za Abu Daud na Tirmidhi, kuhusu Arfaja bin As'ad (R.A.). Alikatwa pua katika vita vya Kulab, siku za Jahiliya, akajitengenezea pua ya fedha. Fedha ikamharibikia na kutoa harufu, ndipo Mtume (S.A.W.) akamwamuru atengeneze ya dhahabu. Wanazuoni wamelichukua tukio hilo kuwa msingi wa ruhusa ya kuyafunga au kuyatengeneza meno kwa dhahabu panapokuwa na haja. Leo vifaa vingine vipo, na haja hiyo imepungua. Mwanamume anayeshauriwa dhahabu na daktari wake na amuulize shekhe wake kwanza.

Hadithi hiyo inatufunza jambo la kifaa pia: kinachochaguliwa ni kile kinachoelewana na mahali kinapowekwa. Mahali penyewe ndipo pa kuchunguzwa kwanza.

Dafrao ya usiku

Mabaharia wetu hawafungi jahazi gatini bila dafrao, yale magurudumu au mafungu ya kamba yanayoning'inizwa ubavuni mwa chombo. Bahari haitaacha kupiga. Kinachofanywa ni kuweka katikati kitu cha kuchakaa, ili ubao usichakae. Dafrao ikiisha hubadilishwa, na jahazi likabaki.

Kinywani, kazi hiyo hufanywa na kinga ya usiku: kipande cha plastiki ngumu kinachotengenezwa kwa kipimo cha meno ya mwenyewe, kuvaliwa anapolala na kuvuliwa anapoamka. Kinga hii haimfanyi mtu aache kusaga. Inaugawa mzigo kwa meno yote badala ya kuliacha jino moja libebe, na inalika yenyewe mahali pa kofia na jino. Baada ya miezi utaona alama na mikwaruzo juu yake. Usihuzunike kwa kuiona. Kila mkwaruzo ulio kwenye plastiki ni mkwaruzo usiokuwa kwenye kofia yako. Katika kinywa cha msagaji lazima kitu kiishe, basi na kiishe kile cha bei nafuu.

Yapo masharti yake. Zile kinga laini za mpira zinazouzwa madukani kwa wanamichezo hazifai kwa kazi hii, na kwa baadhi ya watu huzidisha hamu ya kutafuna. Kinga iliyotengenezwa kabla ya kofia mpya kuwekwa lazima ipimwe upya, kwani huenda isikae sawa. Anayekoroma sana na kukatika pumzi usingizini amweleze daktari mapema, kwa kuwa hali hiyo yahitaji uchunguzi wake na si kila kinga inamfaa. Kuisafisha ni kwa maji baridi, mswaki na sabuni laini. Maji ya moto huipinda, na joto la gari lililoegeshwa juani mjini Mombasa hufanya vivyo hivyo. Unapoamka kwa Alfajiri, au kwa daku katika mwezi wa Ramadhani, ivue, isafishe na uihifadhi kabla ya kutawadha na kula.

Maswali ya kwenda nayo

Kabla ya yote, hakikisha kuwa anayekutibu amesajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya. Kisha mwambie mwenyewe habari za usiku wako, hata asipokuuliza. Ukiwa na mume, muulize anasikia nini ukilala. Nawe mume, ukiulizwa, sema kwa upole na ukweli. Hili si jambo la kumcheka mwenzio wala la kuficha. Asiye na wa kumsikiliza atazame dalili: taya linalokaza asubuhi, kichwa kuuma anapoamka, meno yaliyopungua urefu na kuwa bapa, nyufa ndogo, alama za meno pembeni mwa ulimi, na misuli ya mashavu iliyonenepa.

Muulize daktari kama kofia itashikizwa kwa parafujo au kwa saruji ya meno. Ile ya parafujo huweza kufunguliwa na kukazwa upya pasipo kuvunjwa, na kwa msagaji hiyo ni faida kubwa. Muulize kama ataifanya kofia iwe na uso mwembamba na vilima vifupi, ili nguvu za pembeni zipungue. Ikiwa meno yaliyopotea ni mengi, muulize ni mapandikizi mangapi yatakayobeba mzigo, wala usiharakie kupunguza idadi kwa ajili ya bei peke yake. Muulize ni lini utarudi kukaguliwa. Parafujo iliyoanza kulegea ikigunduliwa mapema hukazwa kwa dakika chache. Ikiachwa hukatika, na kipande chake kikibaki ndani, kukitoa ni kazi ngumu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta, na ukuta huu hujengwa kwa upasuaji.

Mwisho muulize bei ya kinga ya usiku, na uihesabu ndani ya gharama ya jino tangu mwanzo. Familia nyingi hukusanya fedha za pandikizi na kofia, zikafika mwisho wa safari hazina kitu. Kinga huonekana kama nyongeza ya anasa, ikaahirishwa. Ni afadhali kungoja miezi michache zaidi kuliko kuvaa jino la thamani bila mlinzi wake.

Nyumbani kwetu

Yako mambo ambayo daktari hawezi kutufanyia. Mchana, zoea kujikagua: midomo ikutane, meno yaachane, ulimi utulie juu. Ukijikuta umeyabana mbele ya cherehani au simu, achia, pumua, endelea. Kahawa tungu ya baada ya Isha ni desturi nzuri ya barazani, ila kwa msagaji yafaa iletwe mapema zaidi.

Kuhusu miraa na muguka, tuseme ukweli bila kutukanana. Ndani yake mna kathinoni, kichangamshi kilicho karibu na jamii ya amfetamini, na vichangamshi vya namna hiyo vinajulikana kwa kukaza taya na kuondoa usingizi. Kijana aliyewekewa kofia ya jino kisha akatafuna saa nyingi, halafu akakesha akiyabana meno, ameibebesha kofia ile mizigo miwili. Vivyo hivyo popoo la tambuu, mbegu za mabuyu, barafu na mifupa: jino la asili hulalamika kabla ya kuvunjika, pandikizi halilalamiki.

Kwa watoto, tumerithi itikadi kwamba mtoto anayesaga meno ana minyoo. Kusaga peke yake si ushahidi wa minyoo. Mtoto akiwa na dalili nyingine za minyoo, apimwe na atibiwe. Akiwa hana, mara nyingi inatosha kumlaza mapema na kumpunguzia hofu. Tazama pia kama anakoroma au anapumua kwa mdomo, kisha umpeleke kwa daktari.

Na usafi hauna mbadala. Pandikizi halitoboki, lakini ufizi na mfupa unaolizunguka huugua. Mswaki wa mti ni sunna tunayoipenda, na huusafisha uso wa jino vyema. Uongeze uzi wa meno au mswaki mdogo wa kupita katikati, kwani uchafu hujificha pale ambapo kijiti hakifiki.

Mama mdogo alirudi kwa daktari wake, safari hii akiwa na mjukuu wake kama shahidi. Parafujo ilikazwa, kofia ikang'arishwa, na kinga ya usiku ikatengenezwa kwa kipimo chake. Usiku wa kwanza alilalamika kuwa imemjaza mdomo. Wiki ya tatu alikuwa akiitafuta mwenyewe kabla ya kulala, kama anavyotafuta tasbihi yake. Kichwa cha asubuhi kimepungua. Jino lingali mahali pake. Kinga ndiyo iliyojaa mikwaruzo, naye huionyesha kwa fahari kila anayemtembelea.

Alichokitaja kwa majuto, tulipokuwa wawili tu, ni bangili zake. "Ningalisema mapema kuwa taya laniuma," aliniambia, "huenda moja ningalibaki nayo." Basi, dada na mama zangu, mnapokwenda kwa daktari msiyafiche ya usiku. Mwenyezi Mungu atujaalie afya ya viungo vyetu, na usingizi wenye utulivu. Amin.